Nani Anamkanda Mzazi Ughaibuni?

Ukisikia mtu mtaani anauliza, "Mzazi anaendeleaje?", huna haja ya kuuliza ni mzazi gani. Ni yule mwanamke aliyejifungua juzi. Neno "mzazi" kwa kawaida ni baba au mama wa mtu yeyote, hata wa mtu mzima mwenye ndevu. Lakini katika zile siku za mwanzo neno hilo huwa la mwanamke mmoja tu: yuko ndani, anakandwa, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na watu wanaulizia hali yake kabla hawajamwona mtoto. Na baba wa mtoto? Siku hizo yeye si mzazi, ni mtu wa kutumwa nyama na mkaa.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililonisumbua muhula uliopita. Kwenye kozi ya saikolojia ya makuzi tulipewa kazi ya kuandika kuhusu malezi ya mtoto katika mwaka wake wa kwanza. Mimi nikaona nijirahisishie. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Göteborg, Sweden, yeye na mumewe, na walishapata mtoto wao wa kwanza. Nikampigia simu nikitegemea habari za nchi iliyoendelea: likizo ndefu, kliniki bure, kigari cha kusukuma mtoto. Hizo nilizipata. Ila katikati ya mazungumzo akaniambia jambo ambalo halikuwa kwenye maswali yangu: "Mdogo wangu, vitu nilikuwa navyo vyote. Watu ndio sikuwa nao."

Basi kazi ya darasani ikabadilika. Swali likawa hili: mtu akipata mtoto mbali na kwao, nini hasa anakikosa, na anafanyaje ili maisha yaende? Jibu nililofikia nalisema mapema ili msomaji alipime mwenyewe. Kitu cha kwanza kupotea ni mikono iliyokuwa inatekeleza mila, hata kama mila zenyewe mtu bado anazo kichwani. Na anayefanikiwa kuzoea ugeni ni yule anayeweza kukaa chini akajiuliza kila mila ilikuwa inafanya kazi gani, kisha kazi hiyo akaitafutia mkono mwingine.

Arobaini ilikuwa inafanya kazi gani?

Mimi ni mtoto wa kiume. Mambo ya chumba cha mzazi nilikuwa nafukuzwa mlangoni, kwa hiyo ilibidi nimuulize mama mkubwa mwenyewe, aliyeko Muheza. Alinieleza siku arobaini kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Mzazi hapiki, hafui, hachoti maji. Mama yake au shangazi anakuja kukaa. Asubuhi na jioni anakandwa kwa maji ya moto. Anakula vyakula vyake: uji, supu, na kwa ndugu zetu wa Kilimanjaro mtori. Mtoto akilia usiku kuna mtu mwingine wa kumpokea. Majirani wanapita, mmoja na kanga, mwingine na sabuni, na kila anayepita anamtazama mzazi usoni.

Nilipoyapanga maelezo yake kwenye daftari nikaona kuna kazi nne tofauti ndani yake. Ya kwanza ni mapumziko: mwili unapewa nafasi ya kurudi. Ya pili ni chakula, maana kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha mzazi anakula. Ya tatu ni elimu. Namna ya kumshika mtoto, kumnyonyesha, kumwogesha na kumcheulisha inafundishwa hapo hapo kwa vitendo, bila daftari. Ya nne, ambayo mimi sikuwahi kuifikiria, ni kuangaliwa. Mzazi akianza kukaa kimya, akiacha kula, akikataa kumshika mtoto, kuna mtu mzima aliyewahi kuona hali hiyo ambaye ataitambua.

Siwezi kusema kila kitu katika arobaini ni kizuri. Maji ya moto kupita kiasi yanaunguza, na mtoto kupewa maji au dawa za kienyeji siku za mwanzo ni jambo ambalo manesi wa kliniki zetu wanalikataza kila siku, kwa sababu maziwa ya mama pekee yanamtosha mtoto kwa miezi sita. Nasema tu kwamba ule ni mfumo, una kazi nne, na mtu akipanda ndege anaiacha mikono yote minne nyuma.

Wataalamu waliokaa Kokwet

Hapa kuna nadharia inayotusaidia, na ilipata mizizi yake karibu na sisi. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili Wamarekani, Charles Super na Sara Harkness, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za Kenya, wakiangalia watoto wanavyolelewa. Mwaka 1986 walichapisha wazo ambalo wanafunzi wa ualimu tunalikuta sana. Walisema makuzi ya mtoto yanafinyangwa na mambo matatu yanayofanya kazi pamoja: mahali anapoishi na watu waliomzunguka, desturi za malezi, yaani kubeba, kulaza, kulisha, na yale wanayoamini wanaomlea, kwa mfano mtoto mwema ni wa namna gani.

Mfano wao mmoja unafurahisha. Watoto wa Kokwet waliwahi kukaa na kutembea kuliko watoto wa Marekani. Zamani wapo waliodhani ni suala la asili ya Mwafrika. Super alionyesha kwamba mama zao walikuwa wanawafundisha makusudi, wakiwakalisha na kuwatembeza. Katika mambo ambayo hawakuwa wanafundishwa, watoto hao hawakuwa mbele. Mfano wa pili ni usingizi. Mtoto wa Kokwet alilala na mama yake na kunyonya usiku alipotaka, hivyo kuamka usiku hakukuwa tatizo la mtu yeyote. Nchini Marekani mtoto kulala usiku kucha lilikuwa jambo la kuhangaikiwa, maana mzazi ana ratiba ya kazi asubuhi.

Sasa chukua yale mambo matatu, kisha mhamishe mama. Mahali pamebadilika siku ile ile aliyoshuka ndege. Desturi zinabadilika polepole, nyingine kwa kulazimishwa. Imani zake anatembea nazo kichwani, na ndizo za mwisho kubadilika. Kwa mtu ambaye hakuhama, mambo hayo matatu yanasukuma upande mmoja. Kwa mhamiaji kila moja linavuta upande wake, na katikati ya mvutano huo kuna mtoto wa wiki mbili anayelia.

Mikono ya serikali

Tuitendee Sweden haki kwanza. Mwaka 1974 ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuacha likizo ya uzazi ya mama peke yake na kuweka likizo ya malezi kwa wazazi wote wawili. Leo wazazi wanapewa siku 480 kwa mtoto mmoja, wagawane. Siku 390 kati ya hizo hulipwa kwa kufuata mshahara, karibu asilimia 80 kukiwa na kikomo, na zilizobaki hulipwa kiwango kidogo kisichobadilika. Sisi sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za malipo, au 100 akijifungua mapacha, na baba siku tatu. Tena hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Mama ntilie na mama wa shambani hawamo.

Mtoto akizaliwa, nesi wa kliniki ya watoto anakuja nyumbani. Kliniki ni bure. Kuna pia vituo vya wazi ambako mzazi anakwenda na mtoto wake bila kulipa na bila kujiandikisha, anakaa na wazazi wengine, wanaimba na kunywa kahawa. Dada anasema mara ya kwanza aliona ni upuuzi, watu wazima wamekaa chini wanapiga makofi. Mara ya tatu alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

Kwa hiyo kazi ya tatu ya arobaini, elimu, ilipata mkono. Mapumziko nayo kwa kiasi fulani, maana hakulazimika kurudi kazini. Lakini mfumo huo una mlango mwembamba kwa mgeni. Malipo makubwa yanategemea historia ya kazi: kabla ya kujifungua uwe umefanya kazi yenye kipato kwa siku 240 mfululizo. Aliyefika karibuni, au anayesubiri vyeti vyake vitambuliwe, analipwa kiwango cha chini cha kronor 250 kwa siku. Mhamiaji anaingia kwenye uzazi akiwa bado hajamaliza kuingia nchini.

Sheria ilipobadilika Julai 2024, kila mzazi aliruhusiwa kumpa mtu mwingine hadi siku 45 za likizo yake, kwa mfano bibi wa mtoto. Niliposoma nikamtumia dada kwa furaha. Akanijibu kwamba anayepokea siku hizo lazima awe na bima ya jamii ya huko huko. Bibi wa Muheza hamo. Yeye viza yake haikutoka kwa wakati, na hata ingetoka, mgeni wa kawaida anaruhusiwa siku 90.

Usiku, na karatasi ya maswali kumi

Mama mkubwa alitaka mtoto alale na mama yake. Nesi alisema miezi mitatu ya mwanzo alale chali, kwenye kitanda chake mwenyewe, pembeni ya kitanda cha wazazi. Dada alifanya alichoambiwa na nesi, kisha akawa anaamka kila nusu saa kuangalia kama mtoto anapumua. Baadaye akaja kuona Waswidi wanawalaza watoto nje, ndani ya vigari, katikati ya baridi, wakiwa wamefunikwa vizuri. Akatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba mmoja aliuliza kama huyo mtoto ana wazazi.

Jambo lingine ni kuzungumza na mtoto. Nesi alimsisitiza aongee na mtoto tangu siku ya kwanza. Dada alijisikia mjinga kumhadithia mtu wa wiki tatu habari za mvua. Na hilo si lake peke yake. Robert LeVine na wenzake, waliowafuatilia akina mama wa Kigusii nchini Kenya katika miaka ya 1970, walikuta mama hao wanamshika mtoto sana na kumtuliza haraka akilia, lakini wanaongea naye kidogo kuliko akina mama wa Boston waliolinganishwa nao. Kila upande ulikuwa unamlea mtoto kwa maisha anayotarajiwa kuishi. Mwalimu akilielewa hili hawezi tena kusema kwa haraka kwamba mzazi fulani "hana malezi".

Lakini usiku mgumu kuliko yote ulikuwa ndani ya moyo wake. Alianza kulia bila sababu. Maziwa yalipungua. Alikuwa anasikia mtoto analia hata akiwa amelala. Sweden, mtoto akifikisha kati ya wiki sita na nane, mama huulizwa maswali kumi ya kupima sonona baada ya kujifungua. Kipimo hicho kilitengenezwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, na kinatumika nchi nyingi. Kinauliza siku saba zilizopita zilikuwaje: uliweza kucheka, ulijilaumu bila sababu, ulijisikia huzuni, ulilia.

Dada alijibu kwamba yuko sawa. Nikamuuliza kwa nini alidanganya. Akasema hakudanganya. Aliulizwa kama ana huzuni, na yeye hakuwa na huzuni. Huzuni ni ya msiba. Yeye alikuwa na mawazo. Sisi sote tunajua tofauti: mtu wa Kiswahili hasemi "nina sonona", anasema "nina mawazo sana", "moyo mzito", "sijisikii". Ukitafsiri swali neno kwa neno unapata jibu la neno, na hali ya mtu inabaki pale pale.

Kulikuwa na sababu ya pili, na hiyo aliitaja kwa sauti ya chini. Alikuwa anaogopa. Wahamiaji wanaambiana kwamba ukisema umechoka na mtoto, ustawi wa jamii watakuja kumchukua. Mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022 uvumi wa namna hiyo ulisambaa sana mitandaoni, hasa kwa Kiarabu, ukidai kwamba Sweden inateka watoto wa Kiislamu, na serikali ikalazimika kuukanusha hadharani. Ni kweli kwamba sheria za huko za kumlinda mtoto ni kali. Kumpiga mtoto kulipigwa marufuku kabisa mwaka 1979, na Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mtu aliyekua nchi ambayo fimbo ni sehemu ya malezi anaisikia sheria hiyo kama tishio, na anajifunza kuficha hata uchovu wa kawaida.

Kilichomsaidia dada kilikuja kwenye miadi iliyofuata. Nesi, labda kwa bahati tu, aliacha karatasi pembeni akamuuliza, "Nani anakupikia?" Dada akalia hapo hapo kitini. Lile ndilo swali la arobaini, kazi ya pili na ya nne kwa pamoja. Kuanzia hapo alipangiwa mtu wa kuongea naye, na nesi akamkutanisha na mama mwingine wa Kiswahili, Mkongomani kutoka Bukavu, aliyekuwa na watoto watatu na sufuria kubwa.

Katika Rinkeby, kitongoji cha Stockholm chenye wahamiaji wengi, jambo kama hili liliwekewa utaratibu tangu 2013. Nesi na mtu wa ustawi wa jamii wanakwenda pamoja nyumbani kwa wazazi wa mtoto wa kwanza, mara sita katika miezi kumi na mitano. Faida yake naiona hivi: ustawi wa jamii anafika mapema, anakunywa chai, anajulikana kwa jina, kabla hakujatokea tatizo lolote. Hofu inapungua kwa sababu mtu ameonekana uso.

Shemeji anakuwa mzazi

Turudi kwenye neno letu. Kati ya siku zile 480, siku 90 zimetengwa kwa kila mzazi. Baba asipozitumia zinapotea. Mtoto akizaliwa, baba ana siku nyingine kumi za kuwa nyumbani. Na mtoto akiwa na umri wa miezi mitatu hadi mitano, baba naye anaitwa kliniki kwa mazungumzo yake mwenyewe. Anaulizwa yeye anaendeleaje.

Shemeji yangu ni dereva wa basi, na kwao mwanamume haingii chumba cha mzazi. Wiki ya kwanza alikuwa anasimama mlangoni kama mgeni. Wiki ya pili hapakuwa na mtu mwingine. Akamkanda mkewe mgongo kwa taulo la moto huku mama mkubwa anamwelekeza kwa simu ya video, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la maziwa. Mama mkubwa mwenyewe alisema hajawahi kuongea na mkwe wake muda mrefu hivyo, na kwamba aibu ilimwisha siku ya tatu.

Huu ndio mfano wangu mkuu wa kuzoea ugeni. John Berry, mtaalamu wa saikolojia ya wahamiaji, alieleza njia nne ambazo mtu anaweza kufuata: kuchukua ya wenyeji na kuacha ya kwao, kushika ya kwao na kukataa ya wenyeji, kupoteza yote, au kushika yote mawili. Ukisoma darasani unadhani mtu anachagua njia moja kama anavyochagua kozi. Lakini shemeji hakuchagua utamaduni. Alichagua kazi moja, kumkanda mzazi, akaifanya kwa siku za likizo za Sweden, kwa maelekezo ya Muheza. Na kwa mara ya kwanza watu wakaanza kumuuliza na yeye anaendeleaje.

Mtoto ataongea na bibi yake kwa lugha gani?

Huko watoto wanaweza kuanza shule ya awali wakiwa na mwaka mmoja. Mtoto wa dada alipoanza, baada ya miezi michache alikuwa anarudi na maneno ya Kiswidi. Siku moja bibi yake alimwita kwenye simu, "Njoo nikuone," naye akajibu "nej," yaani hapana. Bibi akadhani mtoto anamwita nani, akafurahi sana. Hakuna aliyemwambia.

Hapa sisi wa elimu tuna jambo la kusema, maana wahamiaji wengi wanashauriwa vibaya, wakati mwingine na wahamiaji wenzao, kwamba wakiongea lugha yao nyumbani wanamchelewesha mtoto. Mtoto mdogo anaweza kujifunza lugha mbili pamoja bila kuharibikiwa. Hatari iko upande wa pili. Mtafiti Annick De Houwer alichapisha mwaka 2007 matokeo kutoka kwa karibu familia 1,900 za Ubelgiji, eneo la Kiholanzi, ambako angalau mzazi mmoja alitumia lugha nyingine nyumbani. Katika karibu robo ya familia hizo watoto hawakuizungumza lugha hiyo ya pili. Lugha ya shule itakuja yenyewe, kwa marafiki na kwa televisheni. Lugha ya bibi isipoongelewa nyumbani haiji.

Sweden inalitambua hili kisheria: tangu 1977 shule zina mafundisho ya lugha ya nyumbani, na shule za awali zinatakiwa kumsaidia mtoto aikuze. Lakini sheria haiwezi kukaa jikoni. Dada na shemeji wamejiwekea kanuni: ndani ya nyumba ni Kiswahili, hata mkiwa mmechoka.

Si kila ughaibuni ni Sweden

Msomaji asije akafunga gazeti akidhani huko nje kuna nesi kila mlango. Yule mama wa Bukavu alimwambia dada kwamba ndugu zake wako Marekani, na walipitia kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo iko kwetu, Kasulu, Kigoma, na ipo tangu 1996. Wakimbizi wengi Wakongomani waliishi pale miaka mingi, wakazaa pale, kisha wengine wakahamishiwa Marekani kabla mpango wa kupokea wakimbizi haujasimamishwa huko Januari 2025.

Marekani haina likizo ya uzazi ya malipo kwa nchi nzima. Sheria ya 1993 inampa mfanyakazi wiki 12 bila malipo, na kazi yake inalindwa, lakini awe amefanya kazi kwa mwajiri huyo mwaka mzima, na mwajiri awe na wafanyakazi wasiopungua 50. Mkimbizi aliyefika miezi sita iliyopita hana sifa hiyo. Mtoto akizaliwa, mikono inabidi itoke kwa watu wenyewe: kanisa, majirani waliotoka kambi moja, mama mmoja analea watoto wa watatu huku wenzake wako zamu ya usiku. Kambini walikuwa maskini kuliko walivyo sasa, lakini mlango wa jirani ulikuwa hatua tano. Ndiyo maana nasema umaskini na upweke tuvihesabu tofauti. Mtu anaweza kupunguza kimoja akaongeza kingine.

Sisi tuliobaki

Nimeandika mengi kuhusu Sweden na Marekani, sasa niandike kuhusu mimi. Dada alipokuwa na wiki ya tatu ya uzazi nilimtumia meseji. Nilimpongeza kwa mstari mmoja, nikaweka picha ya maua, halafu mstari wa pili nikaeleza kwamba bumu limechelewa na kompyuta yangu imekufa. Alituma hela siku iliyofuata. Wakati huo kipato cha nyumba yao kilikuwa kimeshuka, na yeye alikuwa hajala chakula cha moto siku mbili. Niliyajua hayo muhula uliopita, kwa sababu ya kazi ya darasani.

Wengi wetu hapa chuoni tuna mtu kama huyo, awe Muscat, Minneapolis au hata Mbagala, maana aliyetoka Songea akazaa Mbagala kwenye chumba kimoja naye ni mzazi mhamiaji, ila hana nesi wa kumtembelea wala hakuna anayemwita hivyo. Tunamhesabu kama aliyefika. Akijifungua tunataka picha ya mtoto. Mama mkubwa naye, pamoja na wema wake wote, aliwahi kumwambia kwenye simu kwamba wao walizaa tisa bila mashine ya kufulia. Dada alikata simu akasingizia mtandao.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni dogo na halihitaji shahada: ukimpigia mzazi aliye mbali, anza na yeye. Amekula nini, amelala saa ngapi, nani yuko naye. Usiulize kama ana huzuni. Uliza nani anampikia, halafu subiri jibu.

Jambo la pili ni la sisi tunaokwenda kufundisha. Mwaka huu au ujao utakuwa na darasa, na ndani yake kutakuwa na watoto wa waliohama: Warundi na Wakongomani kule Kigoma, wafugaji waliohamia Morogoro na Lindi, wafanyakazi wa mashambani, familia za kota za polisi na jeshi. Mzazi hatafika kwenye kikao. Mtoto hatajua Kiswahili cha kitabuni. Kabla hujaandika kwenye faili kwamba mzazi hashirikiani na shule, jiulize mzazi huyo amebakiwa na mikono mingapi, kisha umuulize mwenyewe kwa maneno yanayoeleweka kwake.

Kazi yangu ilirudi na alama B, mwalimu akaandika pembeni kwamba nimetoka nje ya swali, kwa sababu swali lilikuwa la mtoto na mimi niliandika kuhusu wazazi. Sijaikatia rufaa. Dada amepata mimba ya pili, na safari hii ukoo umeanza mapema kuchanga nauli na kufuatilia viza ya mama mkubwa. Mimi nimechangia kutoka kwenye bumu, kidogo. Shemeji ameshaniambia kwamba hata viza isipotoka, taulo na kopo la maziwa lipo.